Barua Ambayo Hakuiandika

Mama Taipu alikuwa amepiga taipu kwa miaka thelathini na minne, na hata sasa, akiwa ameketi kwenye kiti cha mito na mkoba wake mapajani, vidole vyake havikujua kutulia. Vilichezacheza juu ya ngozi ya mkoba, kidole hiki, kidole kile, kana kwamba vinaandika kila neno lililomtoka mdomoni.

"Nianzie wapi, mwanangu?" aliuliza.

"Popote, mama. Ukianzia katikati nitakwenda na wewe, ukianzia mwisho nitakufuata. Kupanga ni kazi yangu."

"Mh! Haya. Miaka yote nimewapangia watu mafaili yao. Leo na mimi napangwa."

Wakacheka wote wawili. Dokta akabonyeza kinasa sauti, taa yake ndogo nyekundu ikawaka, naye akakiweka juu ya kitambaa kilichokunjwa mara nne ili meza isilete kelele. Kilikuwa kinasa sauti kizuri, cha rangi ya fedha, kinachoenea kwenye kiganja. Alipewa na mchumba wake siku alipofungua kazi hii, kimefungwa kwa utepe, pamoja na kijikaratasi kilichoandikwa: Kwa Dokta wangu, usikie kila kitu.

Ofisi yenyewe ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la rangi. Chumba cha mbele kilikuwa na meza, viti viwili, jagi la maji, na dirisha la kioo ambalo asubuhi lilileta jua mpaka kwenye miguu ya mgeni. Chumba cha nyuma kilikuwa cha mshirika wake, mama mmoja mnene mwenye maneno mengi, fundi wa kujalidi vitabu, ambaye mtaa mzima ulimwita Gundi. Watu walileta wazazi wao, babu zao, bibi zao. Mzee alikaa kwenye kiti cha mito akaeleza maisha yake, Dokta akayasikiliza, akayaandika, akayapanga yakasomeka, kisha Gundi akayashona na kuyavalisha jalada gumu. Ukoo ukaondoka na nakala zake ishirini, na mara nyingi na machozi.

Hiyo ndiyo kazi aliyokuwa ameijenga baada ya kusoma hadi mwisho wa kusoma. Udaktari wake ulikuwa wa historia. Siku aliporudi nyumbani na joho lake mkononi, mtu wa kwanza kubisha hodi alikuwa jirani aliyekuja kumwonyesha goti lililovimba. "Dokta, hebu liangalie." Alipomweleza kwamba yeye ni daktari wa mambo ya kale, jirani akasema hata goti lenyewe ni la zamani. Tangu hapo jina la Dokta likamganda.

Mama Taipu aliendelea. Alikuwa katibu muhtasi wa idara ya historia, idara ileile ambako Dokta alisomea, na mwisho wa mwezi angestaafu. Watoto wake ndio walioagiza kitabu, kigawiwe siku ya kuagwa kwake. Alieleza kuhusu mashine yake ya kwanza iliyokuwa inakula herufi ya k, kuhusu profesa aliyekuwa akija na soksi mbili za rangi tofauti na kubisha kwamba zinafanana, kuhusu mkuu wa idara aliyempa barua ya mapenzi aliyomwandikia mkewe aipige taipu kwa sababu mwandiko wake mwenyewe ulikuwa hausomeki.

"Nikaipiga, mwanangu! Nakala tatu. Moja ya faili."

Kicheko cha Gundi kikasikika kutoka chumba cha nyuma. Dokta alitabasamu lakini hakusema neno. Alikuwa na mwiko mmoja kazini, naye hakuwahi kuuvunja: taa nyekundu ikishawaka, msimuliaji hakatizwi. Ukimkatiza mzee anarudi kwenye yale aliyozoea kuyasema kila siku. Ukimwacha, anapita hapo, anakwenda mbele, anafika mahali ambapo hata yeye hakujua kwamba anakwenda.

"Nami nina majuto," Mama Taipu alisema, na vidole vyake vikapungua mwendo. "Utayaandika na majuto?"

Dokta akaitikia kwa kichwa.

"Maana moja linakuhusu wewe. Nilikukasirikia, mwanangu. Miaka miwili sasa nilikuwa nikikuona barabarani navuka upande wa pili. Leo nimekuja, nimekukuta unavyopokea watu, roho imenisuta. Acha niseme."

Akanywa maji kidogo. Akajifuta mdomo kwa kona ya leso.

"Ile nafasi ya mhadhiri. Walioomba walikuwa kumi na tisa. Mimi ndiye niliyepanga maombi yao mezani, najua. Wakachagua watatu wa kuja kwenye usaili, jina la kwanza lilikuwa lako, la mwisho la mchumba wako. Mkuu wa idara aliniambia kwa mdomo wake, huyu binti tukimkosa tutakuwa wajinga. Barua ya kukuita nimeipiga mimi, nimeitia kwenye kisanduku chako pale ukumbini kwa mkono wangu huu. Nilifurahi, we! Nilijiambia, mwanamke aliyeandika tasnifu nzima juu ya wapiga taipu wa zamani, aliyekuja kunihoji mimi, mimi! kama mtu wa maana, sasa anakuja kuwa bosi wangu."

Jua lilikuwa juu ya miguu ya Mama Taipu, lilionyesha vumbi kidogo kwenye ncha za viatu vyake. Dokta alilitazama lile vumbi. Hakuwahi kuitwa kwenye usaili wowote.

"Siku ya nne ikaja barua yako ya kujitoa. Mistari mitatu! Kwamba unashukuru, umepata shughuli nyingine, jina lako liondolewe. Nikaisoma mara mbili. Nikasema, watoto wa siku hizi, kiburi. Hata kuja mwenyewe ameshindwa, amemtuma mchumba wake." Mama Taipu akatikisa kichwa, akacheka kidogo kwa huruma. "Naye masikini alikuwa ameinamisha kichwa, anaona aibu kwa niaba yako. Akasema, mama, ndivyo alivyoamua, nimemsihi nimechoka. Basi yeye akaingia kwenye usaili, na wewe hukuingia, na mengine unayajua. Hayo ndiyo majuto yangu. Nilikuhukumu. Sasa naona hukuwa na kiburi, ulikuwa na mpango wako. Umefanya vizuri kuliko wote."

Taa nyekundu iliendelea kuwaka. Dokta alimsikiliza Mama Taipu akihamia kwenye harusi ya binti yake wa pili, kwenye paa la nyumba yake lililong'olewa na upepo, kwenye miwani yake aliyoitafuta siku nzima akiwa ameivaa. Alitikisa kichwa kila palipostahili. Saa sita kasoro robo mama akasema, "Basi, nimekauka," naye akanyoosha mkono akazima kinasa sauti.

"Mama," alisema, na sauti yake mwenyewe ilimshangaza ilivyokuwa tulivu, "hiyo barua yangu, ilikuwa imesainiwa?"

"Imesainiwa vizuri tu, na ule mkia wako wa mwisho unaopanda juu. Kwa nini?"

"Nataka kitabu chako kiwe sahihi."

*

Miaka miwili nyuma baba yake Dokta alianguka kutoka kwenye ngazi akavunjika nyonga, naye akaenda kumuuguza wiki tatu. Aliondoka na begi moja na simu iliyokuwa ikikosa mtandao huko. "Kisanduku changu cha barua," alimwambia mchumba wake stesheni ya basi, "kichungulie kila siku, mpenzi. Ukiona kitu cha idara, nipigie hata kama ni usiku wa manane." Mchumba wake akaushika uso wake kwa viganja viwili, pale pale mbele ya abiria, akamwambia, "Hata kikija kikaratasi cha dukani nitakupigia."

Aliporudi, mchumba wake alimpokea na macho mekundu. Majina yametoka, alisema. Lako halimo, wala langu. Akakaa naye kwenye ngazi za nyumba aliyopanga, akamwacha alie mpaka kola ya shati lake ikalowa. Yeye ndiye aliyesema, "Achana nao, Dokta wangu. Dunia ni kubwa kuliko idara." Yeye ndiye aliyesema, "Wewe unajua kusikiliza watu. Fanya hicho." Mwezi mmoja baadaye akaja akikuna kichwa: wameniomba nishike vipindi kwa muda tu, sina raha nalo, ukisema nikatae nakataa. Dokta akamwambia usikatae. Siku ya kwanza alimpigia shati pasi, la bluu, akamfunga kifungo cha juu kwa mkono wake.

"Gundi," Dokta aliita, Mama Taipu alipokwisha kuondoka.

Gundi akatokea mlangoni, mikono imeshikana kwa gundi, brashi katikati ya meno. Akaitoa. "Nimesikia."

"Umesikia nini?"

"Ukuta huu ni mbao, Dokta. Nimesikia mpaka habari ya miwani." Akamtazama kwa makini. "Hukuandika wewe."

"Sikuandika mimi."

"Basi nina kisu cha kukatia majalada kimenolewa jana."

Dokta alitaka kucheka, ikatoka sauti nyingine kabisa. Gundi akamshika bega kwa kiwiko, maana viganja vilikuwa vinanata. "Lini anakuja?"

"Saa saba. Kila Alhamisi anakuja saa saba. Ana orodha ya watu wa Jumamosi."

Jumamosi wazee wa pande mbili wangekutana nyumbani kwa baba yake kupanga siku ya ndoa. Viti vilishaazimwa.

*

Mchumba wake alijulikana kwa namna yake ya kubisha, kwa vidole viwili, polepole, kama mtu anayejua atafunguliwa. Akaingia na harufu ya sabuni aliyoipenda Dokta, shati la bluu, karatasi iliyokunjwa mfukoni. Mtaani walimwita Mhadhiri, naye alikuwa analipenda hilo jina kuliko alilopewa na wazazi.

"Dokta wangu." Akainama kumbusu. Dokta akageuza uso, busu likaangukia nywele.

"Umechoka?"

"Kaa."

Akakaa kwenye kiti cha mito. Akamwangalia kwa yale macho yake, mazito kidogo kama ya mtu aliyetoka kuamka, macho ambayo kwa miaka mitano yalikuwa yakimfanya Dokta asahau alichotaka kusema. Leo hakusahau.

"Mama amepunguza watu wake," alisema akiikunjua karatasi. "Walikuwa kumi na wanne, nimepigana wamebaki tisa. Shangazi wa kanisani nimemtoa, yule anayehoji watu kama polisi. Vipi?"

"Uliandika barua ya kunitoa kwenye usaili?"

Karatasi ilibaki hewani. Kwenye chumba cha nyuma, brashi ya Gundi ilinyamaza.

"Nani amekwambia?"

Dokta akafumba macho. Tangu saa sita alikuwa amemtafutia njia. Labda Mama Taipu amechanganya watu, uzee. Labda mtu mwingine aliandika, naye alitumwa tu bila kujua. Alikuwa amemjengea mlango mdogo wa kutokea, ameufungua, ameushikilia. Na yeye hakuuona.

"Mtu asiyefanya kitu huuliza barua gani," Dokta alisema. "Wewe umeuliza nani."

"Sikiliza, mpenzi..."

"Kusikiliza ndiyo kazi yangu. Sema."

Mhadhiri akaikunja karatasi, akaikunjua, akaiweka juu ya meza. "Nafasi ilikuwa moja. Sisi wawili. Ungefikiri ingekuwaje? Tuingie chumba kimoja, tugombanie kiti kimoja, jioni tukae meza moja tule? Mmoja angeshinda, mwingine angekufa moyo. Mapenzi yetu yasingefika hata mwezi."

"Kwa hiyo ukaamua anayekufa moyo awe mimi."

"Wewe una nguvu kuliko mimi! Mimi nisingeweza. Nilijua wewe ukianguka utasimama, na umesimama. Tazama!" Akazungusha mkono kuonyesha chumba, dirisha, vitabu vilivyojalidiwa vilivyopangwa kwenye rafu, vya kahawia, vya kijani, vya bluu. "Angalia ulivyo na furaha hapa. Watu wanakuja wanakushika mikono. Mimi kule nasahihisha karatasi mpaka macho yanauma. Kuna siku nakuonea wivu. Kama si ile barua usingekuwa na haya yote."

"Unanidai shukrani?"

"Sisemi hivyo."

"Ndivyo ulivyosema. Haya niliyajenga mimi. Nilizunguka nyumba kwa nyumba na viatu vimetoboka, nikafungiwa milango, nikaambiwa nani anataka kusoma habari za bibi kizee. Gundi nilimpata mimi. Wewe ulichofanya ni kunisukuma kwenye maji, na sasa unasimama ufukoni unasema umenifundisha kuogelea."

"Nilikununulia kinasa sauti."

Alisema hivyo kwa sauti ndogo, akiangalia kile chombo cha fedha juu ya kitambaa, na kwa dakika moja Dokta akamwonea huruma, huruma ile ya zamani, akataka kumfunga kifungo cha juu. Mkono wake ulifika mpaka ukingoni mwa meza. Akaurudisha.

"Ulijifunza wapi saini yangu?"

"Dokta..."

"Ule mkia unaopanda. Ulijifunza wapi?"

"Kwenye barua zako," alisema. "Ulizoniandikia."

Alikuwa amemwandikia barua nyingi mwaka wa kwanza, kwa mkono, kwa sababu alipenda barua na alisomea barua. Alizisaini zote. Alimwona sasa, ameketi kitandani kwake na kalamu na karatasi chakavu, barua za mapenzi zimetandazwa mbele yake, anaiga mkia ule mara kumi, mara ishirini, mpaka ukakubali.

"Na mama yako," Dokta alisema.

"Mama hajui lolote."

"Najua hajui. Ndiyo nasema. Mwezi wa pili, siku uliponipeleka kula kwenu. Mama yako aliniambia mbele ya dada zako, mwanangu ameenda kupata daktari asiyetibu na asiyefundisha. Akasema mke wa mhadhiri hawezi kuwa mwandishi wa hadithi za vikongwe. Dada zako wakacheka. Wewe ulikuwa umekaa mkono wangu wa kulia. Unakumbuka ulifanya nini?"

Mhadhiri akaitazama karatasi yake mezani.

"Ulinipa chumvi. Sikukuomba. Uliichukua ukanisogezea, kama mtu aliyesikia naomba chumvi. Nikadhani umeona aibu kwa ajili ya mama yako. Njiani nikakubembeleza mimi! Nikakwambia usijali, wazazi ndivyo walivyo."

"Nilitaka kukwambia siku hiyo. Wallahi nilitaka."

"Na siku nyingine?"

"Kila siku nilitaka. Kila siku ilikuwa imechelewa kuliko jana." Akatelezesha kiti mbele, akachukua mkono wake, na Dokta akauacha pale, baridi, kama kitu kilichosahauliwa juu ya meza. Macho yake yalikuwa yamejaa maji ya kweli. "Nilikosa. Nimekuwa mnyama. Nipige, nitukane, nisimamishe miaka miwili kama nilivyokusimamisha, nitasubiri. Lakini usiniache. Mimi bila wewe sina hata pa kuweka kichwa."

Moyo wa mwanamke hauna swichi. Wa Dokta ulikuwa bado unampenda, ulikuwa unapiga upande wake kwa ujinga wote, unamwambia mshike, analia, mshike. Mhadhiri akajipangusa macho, akashusha pumzi, akauliza:

"Ni Mama Taipu, siyo?"

"Ni nini?"

"Aliyesema. Kitabu chake cha kuagwa. Amesema kwenye kitabu?"

"Amesema."

"Itakuwa imeandikwa? Kuhusu barua, na kwamba niliipeleka mimi?" Mkono wake ulikuwa bado juu ya mkono wa Dokta lakini umebadilika, umekuwa mgumu. "Maana ile siku mkuu wa idara atakuwepo. Watapewa wote. Wewe huoni, Mama Taipu anaamini uliiandika wewe, kwake ni hadithi tu ya kawaida. Lakini mtu mmoja akikuuliza, na wewe ukisema hukuandika... Mpenzi, ni ukurasa mmoja. Nusu ukurasa. Hata yeye hatakumbuka kama alisema. Ukatoe, halafu tukae tumalize mambo yetu wawili, polepole, bila watu."

Dokta akauangalia mkono ule. Akautoa wake chini yake taratibu, kidole kimoja kimoja, kama mtu anayetoa nguo iliyonasa kwenye msumari.

"Nilifikiri umelia kwa ajili yangu," alisema.

"Ni kwa ajili yako!"

"Umelia dakika mbili. Halafu umeuliza kitabu."

"Nitafukuzwa kazi, Dokta! Unataka nimwage unga? Ndiyo raha yako? Unakitaka kile kiti, nitakuachia, kesho naandika barua ya kuacha—"

"Usiandike barua!" Gundi alipaza sauti kutoka chumba cha nyuma. "Utasaini jina la nani?"

Mhadhiri akashtuka, akageukia ukuta wa mbao. Uso wake ukaiva. Dokta hakucheka.

"Sikitaki kiti chako," alisema. "Wangeniita, huenda ningekataa. Huenda ningefika pale, nikawaangalia wale wazee na soksi zao, nikasema asanteni, nakwenda kufungua ofisi yangu juu ya duka la rangi. Huenda ningekubali nikazeeka nasahihisha karatasi. Yote mawili yalikuwa yangu. Na nusu ukurasa ule si wangu kuutoa wala kuuacha, ni wa Mama Taipu. Nitamweleza ukweli kesho asubuhi, kisha atakalotaka libaki litabaki. Ukipenda nenda ukamwombe mwenyewe. Kwake unapajua."

"Huwezi kunifanyia hivi."

"Mimi sijakufanyia kitu bado."

Simu yake ikalia mfukoni. Akaitazama, akataka kuizima, Dokta akaliona jina kwenye kioo: Mama. Ikalia tena.

"Pokea."

"Si sasa."

"Viti vimeazimwa, baba yangu amepaka ukuta rangi kwa mguu mmoja mbovu. Mwambie mama yako Jumamosi hawaji. Mwambie na sababu. Hilo tu nakuomba, na sitakuomba lingine maisha yangu yote. Pokea."

Mhadhiri akapokea. Sauti ya mama yake ilikuwa kubwa siku zote, haikuhitaji kipaza sauti. Chumba kizima kilimsikia akiuliza kama baba yake Dokta ana kivuli cha kutosha uani au waje na turubai. Mhadhiri akasimama. Akageukia dirishani, mgongo wake wa shati la bluu ukamtazama Dokta.

"Mama," alisema. "Mama, ngoja. Kuhusu Jumamosi. Hatutakwenda." Dokta alisubiri. Hata hapo, Mungu anajua, hata hapo alisubiri, alimwombea moyoni apate ulimi. "Ni yeye, mama. Amebadili nia. Nimemsihi nimechoka. Anasema hataki tena."

Mlango wa chumba cha nyuma ukafunguka. Gundi alisimama pale, mdomo wazi, brashi yake ikimdondoshea gundi miguuni.

Dokta akainuka. Akafika dirishani, akanyoosha kiganja, na Mhadhiri alipomwona alivyo usoni akamwachia simu bila kubisha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Sauti ilikuwa kali, imejeruhiwa. "Binti, ni haya ninayoyasikia? Siku mbili kabla? Umeona mwanangu hakutoshi?"

"Mama, nisikilize kidogo, sitasema marefu. Miaka miwili iliyopita chuo kiliniita kwenye usaili wa kazi. Sikuiona hiyo barua. Mwanao aliichukua, akaandika nyingine kwa jina langu, akasaini saini yangu, akawaambia sitaki. Halafu akaingia yeye. Nimeijua leo asubuhi. Na sasa hivi, mimi nimekaa hapa nasikia, amekwambia wewe pia kwamba sitaki." Akavuta pumzi, na machozi aliyoyazuia tangu saa nne yakaanza kumtoka bila kelele, yakashuka yenyewe, hakuyafuta. "Nimeona safari hii nikwambie kwa mdomo wangu. Sitaki, mama. Simtaki. Hiyo ni yangu."

Pembeni yake Mhadhiri aliegemea dirisha, ameinamisha kichwa, kama alivyoinamisha siku ile mbele ya Mama Taipu.

"Ile kazi," mama alisema mwishowe, na sauti yake ilikuwa imeshuka mpaka Dokta akalazimika kuibana simu sikioni. "Ya kufundisha. Kumbe ilikuwa yako?"

"Sijui, mama," Dokta alisema. "Hakuna aliyeniuliza."